Mto ule haukuigiza
Mwandishi, katika makala yako umeisifu Deliverance, filamu ya 1972 ya wanaume wanne wa mjini wanaoshuka mto, kwa maporomoko na mitumbwi, sawa, lakini umemruka yule kijana anayeonekana akipiga banjo, ala ya nyuzi kama gitaa! Hakujua kupiga hata kidogo. Mpigaji mwingine alijificha nyuma yake, akapitisha mkono kwenye shati la kijana, na kamera ikatafuta pembe ya kuficha ujanja huo. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne na bado nadanganyika.

Unaposema upigaji wa filamu hii ulikuwa wa hatari, nakuunga mkono. Mto Chattooga, mpakani mwa Georgia na South Carolina, si bwawa la studio. Mwongozaji John Boorman aliwapeleka waigizaji wenyewe majini, na Jon Voight alipanda mwenyewe sehemu ya ule mwamba unaoonekana kwenye filamu. Mwigizaji mwenzake Burt Reynolds naye hakutaka sanamu ya mtu itumike badala yake kwenye maporomoko, akaenda yeye, akaumia kifupa cha mkia. Baadaye alipenda kusimulia kwamba alipouliza picha imetokaje, Boorman alimjibu kuwa inafanana tu na sanamu inayoanguka. Maumivu yote yale, jamani!

Ninapotofautiana nawe ni pale unaposema filamu imezeeka. Kilichozeeka ni jinsi inavyowachora watu wa milimani, kama mazimwi ya hadithini. Wakazi wengi wa kule waliichukia kwa hilo, na sioni kosa lao. Lakini woga wa wale wanaume wanne wa mjini, baada ya kumzika mtu msituni, hadi waliosalia wanapopanga uongo wa kumwambia polisi? Huo bado unanikosesha usingizi.