Kanda za Kampuni Mbili Ndani ya Kamera Moja

Wenye kamera za MiniDV, zile za video zinazorekodi kidijitali kwenye kanda ndogo, hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili tangu kanda hizo zitoke mwaka 1995. Wapo wanaong'ang'ania kanda za kampuni moja mpaka kamera ife, na wapo wanaotia yoyote iliyo karibu. Siku hizi hao wa pili ndio wanaocheka, na wa kwanza wanaitwa washirikina. Naona wanaonewa.

Hofu yao ina mzizi. Kanda hupakwa kilainishi ili iteleze vizuri kwenye vichwa vya kamera, yaani visehemu vidogo vinavyoandika na kusoma picha kwenye kanda, na viwanda havikutumia kilainishi cha aina moja. Maelezo yaliyoenea zaidi miongoni mwa mafundi ni kwamba Sony walitumia cha majimaji na Panasonic kikavu, na kwamba mabaki ya viwili hivyo yakichanganyika huwa utando unaonata kichwani.

Utando kiasi gani? Kidogo tu chatosha. Ngoma yenye vichwa huzunguka mara 9,000 kwa dakika, na kila mstari inaouandika una upana wa mikromita 10, wakati unywele wa mtu una kama 70.

Kinachonisumbua mimi hasa ni kwamba kamera ya dijitali haikuonyi. Ile ya zamani ya analojia ikianza kuchafuka, picha hufanya chengachenga na unajua. Hii ina hesabu za kurekebisha makosa: data ikipotea kidogo inaijaza yenyewe, ikishindwa inachukua kipande cha picha iliyotangulia na kukibandika pale. Unatazama, picha safi. Kumbe uchafu unaongezeka, na siku hesabu zinapozidiwa, picha inapasuka ghafla kuwa vijumba vya mraba. Kichwa kimoja kati ya viwili kikiziba kabisa, picha hukatika milia ya kulala, mmoja mzima, mmoja mbovu, kuanzia juu hadi chini. Kama ni harusi, bibi harusi keshaondoka. Basi anayekataa kuchanganya anakwepa hasara asiyoweza kuiona ikija, na gharama yake ni kununua kanda za aina moja tu.

Wanaochanganya nao wana lao. Kanda za kampuni moja pia huziba vichwa, hasa zikirudiwa kurekodiwa mara nyingi au zikiingia vumbi. Wengi wamechanganya miaka na miaka salama. Tena jina la kwenye kasha si lazima liwe la kiwanda kilichoitengeneza, hivyo anayejidai hajawahi kuchanganya huenda alichanganya bila kujua. Hoja hii ya mwisho ni nzito, ingawa naona inamtaka mtu awe mwangalifu zaidi, si kinyume chake.

Leo wengi wetu hatununui kanda za kurekodia. Tunahamishia kwenye kompyuta zile za zamani, na sanduku limejaa za kila kampuni. Hapo kutochanganya hakuwezekani. Zipange kwa kampuni, maliza za aina moja, kisha tia kanda kavu ya kusafishia kwa sekunde kama kumi kabla ya kuanza nyingine. Usizidishe, maana inakwaruza vichwa, na usiirudishe nyuma ukaitumia sehemu ileile tena. Na ile kanda usiyokubali kuipoteza, ipitishe mara tu baada ya kusafisha.