Rangi mpya pekee haitoshi

Nimesoma kwamba Kaunti ya Nairobi inataka kukarabati kumbi za kijamii za Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji. Ni habari njema, na naunga mkono kabisa. Lakini tusiishie kwenye rangi na mabati. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya bustani, michezo na vifaa vya burudani, kwa hiyo hapa hatuombi hisani.

Ukumbi wa mtaani kwetu una kufuli siku nyingi za wiki. Ukifunguliwa, ni harusi au ibada ya waliolipa. Vijana wa ndondi wanajifua nje, gunia lao la mchanga limening'inia kwenye tawi la mti, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Ndani, sakafu ni kavu na haina mtu! Inaniuma sana, maana kumbi hizi zina historia: pale ukumbi wa Kaloleni, hapa hapa Eastlands, kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya na wenzake walikutana na wananchi kabla ya uhuru.

Ratiba ibandikwe mlangoni, ada ijulikane, na kila ukumbi uwe na mwalimu wa michezo anayelipwa mshahara, si wa kujitolea mpaka achoke. Wasichana watengewe saa zao kabla ya giza, na vyoo viwe na maji, la sivyo hawatakuja.

Sasa waheshimiwa watuambie: mafundi wakishaondoka, funguo atashika nani?