Siti Imekunywa, Mlevi Mimi

Leo asubuhi mama mwalimu wa kwaya ameshusha kioo kabla hata hajafunga mlango. Na nje inanyesha. Mvua ya Mbeya mnaijua, haiji kusalimia ikapita, inahamia na magodoro yake. Lakini mama wa watu akaona heri alowe bega la kushoto kuliko kuvuta ile hewa ya ndani. Kutoka Nzovwe mpaka Mafiati hakutoa neno, kitenge puani. Anashuka ndipo akanishika mkono kwa upole, kama anampa pole mfiwa: "Mwanangu, hata kama ni mambo ya nyumbani, siyo saa moja asubuhi."

Mimi! Ambaye kinywaji changu kikali kuliko vyote ni chai ya tangawizi!

Kilicholewa ni siti ya nyuma. Na huu mwezi wa pili haijalevuka.

Tulikuwa tunarudi kutoka ukweni Njombe. Tumeshaagana mara tatu, baba mkwe akatokea nyuma ya nyumba amebeba dumu la lita 10, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umejaa mpaka shingoni. Kifuniko amekikaza, juu yake nailoni, juu ya nailoni mpira wa baiskeli umezungushwa kama bandeji. Sasa, kila aliyewahi kuishi na ulanzi anajua haufungwi hivyo. Ule unaendelea kuchacha humo humo ndani ya dumu na unatoa hewa, kifuniko unakilegeza upumue. Baba anajua kuliko mimi, mianzi iko pale kwake tangu sijazaliwa. Ila alinionea huruma. "Nimekaza, mkwe, usije ukakuchafulia gari."

Nyie mngemwambia baba mkwe amekosea? Nilipokea kwa mikono miwili na goti nikakunja kidogo.

Makambako baridi, dumu limetulia. Tukateremka kuelekea Igawa, joto la Usangu likaanza kuingia, na mama Neema akasema, "Baba Neema, hili dumu linanenepa." Nikamjibu ni barabara. Mwanaume akishashika usukani kila kitu ni barabara. Hatujafika Chimala, likasema PUU! Kifuniko kikagonga paa, na alama ipo mpaka leo. Mpira wa baiskeli ukamvaa mtoto shingoni kama tai ya shule. Ulanzi ukaruka, ukanywesha siti, ukanywesha zulia, ukaingia hadi kule mkanda unakochomekwa, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki.

Nikaegesha. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mwenyewe, simsingizii mtu. Nilivua sweta nikasugua. Nikasugua kwa nguvu zote za mtu aliyekopa kununua gari. Kumbe majimaji yakimwagika unakandamiza nguo kavu, nguo inakunywa, unageuza upande mkavu, unakandamiza tena. Ukisugua unayasukumia chini kwenye sponji na unazichana nyuzi juu. Haya nimeyajua baadaye, kama ninavyojua kila kitu.

Ushauri ulikuja kwa foleni. Shemeji akasema jiki, na pale alipojaribu siti sasa ina doa la ulanzi na jirani yake doa jeupe. Mama wa nyumba ya pili akasema siki; mama Neema akamuwahi kwamba siki haichanganywi na jiki, hewa yake inachoma mapafu, na kwa hilo namshukuru. Mmoja kijiweni akasema petroli, huku anavuta sigara.

Basi nikaenda panapooshwa magari. Kuna kijana pale wenzake wanamwita Profesa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akapiga goti, akaisogelea siti, akanusa, akafumba macho. "Ulanzi."

"Ndiyo."

"Wa Njombe."

Nikashtuka. "Umejuaje?"

"Wa Iringa hauna hasira hivi."

Hapo akanimaliza. Mtu akishakutambulia kabila la doa, utambishia nini tena? Akabonyeza siti kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa. "Mzee, hili siyo doa. Doa linakaa juu. Hili limeshajenga." Bei 40,000. Nikamwambia kwa 40,000 si afadhali niwafundishe abiria kusimama. Akasema, "Hapa unalipia ujuzi, mzee, maji nakupa bure." Tukavutana mpaka 25,000, nikajiona mjanja.

Ujuzi ukaanza. Ndoo ya kwanza, yote, juu ya siti. Sabuni ya unga, konzi kwa konzi, kama anapanda mahindi. Brashi ya kufulia magunia. Ndoo ya pili. Nikamwambia, "Profesa, huko chini kuna sponji." Akasema, "Ndiyo tunamfuata huko huko, mwanawane." Yaani nimeshatoka kwenye mzee, sasa ni mwanawane, na bado sijalipa. Ndoo ya tatu, povu likaibukia mbele, kwenye klachi. Nikauliza itakauka lini.

"Jua likiwaka, masaa mawili tu."

Tukainua vichwa wote wawili kuutafuta mlima Loleza. Haupo. Ukungu umeumeza mpaka kwenye nyayo.

"Likiwaka," akasema Profesa, na akapokea hela yake.

Siti ikafunguliwa, ikalala barazani kwangu siku nne. Wageni wakaikalia wakainuka wamelowa, hakuna aliyethubutu kuuliza. Siku ya tatu kuku wa jirani akaitagia. Siku ya tano imekauka, safi, imeng'aa, nikawaita watu wa nyumbani waje waone baba yao alivyo na akili. Asubuhi yake naamka: doa. Na limekua. Lilikuwa sahani, sasa sinia, na pembeni limechorewa mstari kama mpaka wa wilaya.

Jamani, sponji ikilowa sana, maji yanapokauka yanapanda juu kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanakuja na uchafu wote wa chini na ile sukari ya ulanzi. Yenyewe yanakwenda zake hewani, mizigo yanakuachia wewe. Na sukari ikibaki pale, kila vumbi la Mbalizi linalopita linakaribishwa likae. Nilirudi kwa Profesa nimefura. Akaliangalia doa kwa utulivu wa daktari mkuu.

"Mzee, hilo ndiyo linatoka. Linaaga."

Linaaga! Tangu siku hiyo linaaga. Hata wageni wa harusini huwa wanafika mahali wanaondoka!

Sasa hivi namenyana nalo mwenyewe, usiku, kama mchawi. Sabuni ya maji tone moja, napiga povu, napaka lile povu tu, maji siongezi. Baada ya hapo kitambaa chenye siki, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya baridi. Nakandamiza, nageuza, nakandamiza. Mwisho nalaza taulo kavu na matofali mawili juu, asubuhi nakuta taulo limevuta rangi kama ya chai ya juzi. Limeanza kurudi kuwa sahani, sikatai. Harufu ndiyo imekuwa ulanzi na kachumbari.

Askari wa barabarani pale Uyole alinusa gari, akaninusa mimi, akanipulizisha mara tatu, akaniruhusu kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Sisimizi nao. Wameingia kupitia tairi la nyuma kulia, wana barabara yao hadi kwenye mkanda, na barabara yao haina mashimo, haina matuta, haina lori limelala. Mtoto wangu anawapa makombo ya andazi, anasema ni mifugo yake. Nilipomkataza, mama Neema akaniuliza mbona chai ya maziwa niliyomwaga mimi mwaka jana, nikaimwagia maji ya moto, maziwa yakaiva yakashikana na zulia, mbona hiyo hatujaijadili? Haijadiliwi kwa sababu iko chini ya mguu wa dereva.

Juzi baba mkwe kapiga simu. "Kamwene, mkwe. Ule ulanzi mliufikisha salama?"

"Tuliufikisha, baba. Tunao mpaka leo."

Akafurahi, akamwambia mtu pembeni kwamba mkwe wake anakunywa kwa kiasi.

Na mama mwalimu amesahau mwavuli wake siti ya nyuma. Mvua imeanza tena, najua anauhitaji, na kwake siyo mbali. Nimeuchukua, nimeunusa, nimeurudisha.