Tunadanganywa kwa macho kabla ya maneno

Mtu akitaka kuwadanganya watu wa Mwanza siku hizi, hahitaji maneno matamu. Anahitaji nembo ya taifa juu ya karatasi, TAARIFA KWA UMMA kwa herufi nene zilizopigiwa mstari, "Kumb. Na." pembeni, na mhuri wa bluu uliokaa upande kidogo. Kompyuta ya kawaida inaimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Karatasi inapigwa picha, inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na jioni kuna kijana Buzuruga anatafuta nauli ya kwenda kwenye usaili usiokuwepo.

Tunaambiwa dawa ni kuuliza chanzo. Sawa, ila jicho huwa limeshaamua kabla mdomo haujauliza. Mwaka 2012 mwongozaji wa filamu Errol Morris aliwapa wasomaji wa New York Times aya moja, kila mmoja akaiona kwa fonti, yaani mtindo wa herufi, mojawapo kati ya sita bila kujua kwamba kuna jaribio. Waliosoma kwa Baskerville, fonti ya sura ya vitabuni, walielekea kukubali zaidi yaliyoandikwa kuliko waliosoma kwa Comic Sans, fonti ya sura ya katuni. Tofauti ilikuwa ndogo, na sitaki kuikuza. Lakini maneno yalikuwa yale yale.

Wakati mwingine fonti humgeuka mwenyewe. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi wa mali za familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif walikuta hati yenye tarehe ya Februari 2006 iliyoandikwa kwa Calibri, fonti ambayo Microsoft iliipeleka sokoni mwaka 2007. Utetezi ulisema matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla, jambo ambalo ni kweli, lakini hati ilikuwa imeshatiliwa shaka. Huko ndiko kusoma ninakotaka wanafunzi wetu wafundishwe: kutazama karatasi yenyewe, pamoja na kilichoandikwa juu yake.

Wazushi siwashangai. Ugomvi wangu ni na wakweli.

Nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, usome matangazo yaliyobandikwa ukutani. Karatasi ya A4, herufi kubwa tupu kutoka juu hadi chini, mistari imebanana, na jambo lenyewe limefichwa kwenye aya ya tatu baada ya "TAFADHALI REJEA SOMO TAJWA HAPO JUU". Herufi kubwa zinafaa kwa kichwa cha habari. Zikijaa ukurasa mzima, kila neno linakuwa kisanduku, kwa sababu zile herufi zinazopanda kama b na k, au kushuka kama g na y, zote zimelinganishwa urefu. Kiswahili kinaumia zaidi hapo, maana vitenzi vyetu ni virefu. WANAOSHUGHULIKIA ni herufi 16 bila pa kupumulia. Na ukiiamuru kompyuta inyooshe kingo zote mbili kwenye safu nyembamba, maneno marefu hayo yanaacha mapengo meupe katikati ya mstari kama meno yaliyong'oka.

Mvuvi anayeshusha mzigo alfajiri hatasimama kuyasoma hayo, wala simlaumu. Kama ujumbe ni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, andika "Sangara chini ya sentimita 50: usimvue", kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye mtumbwi, uchore na rula ya samaki pembeni. Vifungu vya kanuni vikae chini kwa udogo, anayevitaka atavifuata.

Jambo baya zaidi ni namna barua za kweli zinavyotufikia. Ofisi inatoa taarifa halali, halafu mtu anaipiga picha kwa simu ikiwa imepinda, kivuli cha mkono kimeangukia sahihi, na picha hiyo ndiyo inayozunguka mjini. Ya uongo nayo inakuja imepinda vilevile, na ukungu wake unaficha mhuri wa kubandika. Utamwambiaje mama anayeuza dagaa asiamini picha yenye ukungu, wakati hata ya kweli ameizoea hivyo? Ofisi zingekuwa na desturi ya kuweka taarifa zao kwa maandishi yanayosomeka kwenye simu, mahali pamoja panapojulikana, tarehe ikiwa juu kabisa, barua iliyopinda ingeanza kutiliwa shaka kwa sura yake tu. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji mtu mmoja kwenye kila ofisi anayejali jinsi karatasi inavyoonekana.