Nyegere Hayumo Kwenye Dodoso

Sina ugomvi na Serikali inapotaka kuhesabu. Watu tulihesabiwa mwaka 2022 na hakuna aliyedhurika. Ninacholalamikia ni dodoso la wafugaji nyuki, ambalo hutufikia huku Sikonge likiwa ndani ya kishikwambi kilichobebwa na kijana mpole, mwenye shahada na viatu vya kung'aa, aliyetumwa kuniuliza mambo ambayo nyuki wenyewe bado hawajayaamua.

Swali la kwanza lilikuwa jina la mkuu wa kaya, nami nililijibu kifua mbele. La pili lilikuwa idadi ya mizinga yenye nyuki, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mzinga ni wangu, maana gogo nimelichonga mwenyewe na mtini nimelipandisha mwenyewe, lakini nyuki ni mpangaji. Huingia siku anayotaka, hulipa kodi ya asali akijisikia, na akiudhiwa na siafu, ukame au moto kichaa, huhama na ukoo wake wote bila kutoa notisi. Kijana alitaka kujua ni mizinga mingapi iliyokuwa na nyuki siku ile. Siku ile mimi nilikuwa nimeketi barazani kwangu, na mizinga ilikuwa imetundikwa msituni, mwendo mrefu wa baiskeli kutoka hapo, kwa hiyo nilimwambia kwa unyoofu kwamba swali hilo angewauliza wahusika. Akaniambia, "Mzee wangu, kadiria tu." Nikakadiria, na makadirio yangu yakaingia kwenye kishikwambi, yakatoka upande wa pili yakiwa takwimu.

Likaja swali la makundi yaliyokufa. Nilimweleza kwamba makundi yangu hayakufa, bali yamehama. Akatafuta kuhama kwenye kioo, akapandisha na kuteremsha kidole, asikuone. Bwana nyuki wetu, yaani afisa wa ufugaji nyuki, alikwisha kutufafanulia jambo hili: kule Ulaya na Marekani Kaskazini kuna majira ya baridi ambapo nje hakuna ua hata moja, na nyuki hujikunyata ndani ya mzinga wakila akiba yao, akiba ikiisha, au ugonjwa ukiwazidi, hufia humo humo, na mwenye mzinga huwakuta majira ya kuchipua, akawahesabu akiwa ameketi. Nyuki wetu wa miombo hana sababu ya kufa njaa ilhali ana mabawa. Maua yakikauka hapa, huyafuata yalikochanua, na huenda kundi ninaloandikiwa kuwa limekufa linafanya kazi kwa bidii wilaya ya pili, ndani ya mzinga wa mtu ambaye naye ameulizwa na kuandikiwa kwamba amepata kundi jipya. Kwa hesabu hiyo nyuki wa Tabora hufa na kufufuka kila msimu, na sijasikia kiongozi yeyote wa dini akialikwa kutoa maoni.

Baada ya vifo zikafuata sababu za vifo. Kijana alisoma orodha ndefu: utitiri wa varoa, ugonjwa wa kuoza kwa majana (watoto wa nyuki), viuatilifu vya mashambani, upungufu wa chakula. Nikasubiri. Alipofika mwisho nilimuuliza nyegere yuko wapi. Nyegere, mnyama ambaye huupanda mti usiku kucha akitafuta namna ya kuuangusha mzinga, na ukianguka huupasua akala asali, majana na jitihada zangu zote za mwaka mzima huku nyuki wakimdunga bila kupata hata heshima yake, hayumo kwenye dodoso. "Tutamweka kwenye Mengineyo," kijana akasema. Nikauliza siafu. Mengineyo. Moto kichaa uliowashwa na mwindaji wa panya? Mengineyo. Mwizi anayerina usiku na kuuacha mzinga wazi? Mengineyo. Tulipomaliza, Mengineyo ilikuwa imebeba maisha yangu yote, na hizo sababu nyingine zilizopewa visanduku vyao vizuri vilivyopangwa zilikuwa tupu kabisa.

Nisieleweke vibaya kuhusu varoa, kwa kuwa si hadithi. Utitiri huo ulitoka kwa nyuki wa Asia, ukaenea karibu dunia nzima na kuwatia hasara kubwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, na mwaka 2009 watafiti waliukuta Kenya na hapa kwetu pia. Nyuki wetu wanaonekana kuishi nao bila makelele mengi, na ni haki ya wataalamu kutaka kujua kama hali hiyo inaendelea. Lakini sikilizeni jinsi ya kuupima. Unatakiwa kukusanya nyuki wapatao 300, uwatie kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, uwamwagie sukari ya unga, kisha uwatikise mpaka utitiri uteleze na kudondoka, ndipo uuhesabu. Aliyebuni kipimo hicho alikuwa na nyuki wenye subira. Mimi nyuki wangu huwafuata usiku, nikiwa na moshi na dua, na hata hivyo hurudi nyumbani nikiwa na jicho moja linaloona. Kuwatikisa 300 mchana kweupe kwenye chupa, halafu kufungua mfuniko ili niwarudishe kwao, ni kazi ya mtu aliyekwisha kuandika wosia. Tena sukari yenyewe mke wangu huipima kwa kijiko.

Kijana hata hivyo alisisitiza kwamba lazima auone angalau mzinga mmoja na kuupiga picha, kwa sababu kishikwambi kisingekubali kuendelea bila picha. Nilimshauri tusubiri jua lizame. Akasema ana kaya nyingine za kumaliza. Tukaenda saa saba mchana kwenye mzinga ulio karibu na shamba, yeye akiwa amejipulizia manukato na akimalizia ndizi mbivu aliyonunua njiani. Sasa, bwana nyuki alitufundisha kwamba nyuki anapochoma huachia harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana kabisa na ya ndizi mbivu. Nilifungua mdomo kumweleza jambo hilo la kitaalamu, lakini nyuki walikuwa wamewahi. Picha iliyopatikana inaonyesha anga, tawi la mtundu na kidole gumba cha mwakilishi wa Serikali. Kishikwambi kiliikubali.

Tuliporudi barazani, yeye akiwa na mdomo wa juu uliofura, tuliingia kwenye sehemu ya uzalishaji. Hapa ndipo ninapotaka taifa lisikilize. Sisi asali tunaiuza kwa ndoo, ile ya lita 20 ambayo zamani ilibeba rangi au mafuta ya kupikia. Dodoso linataka kilo. Kijana akaandika ndoo moja, kilo 20. Nikamwambia, mwanangu, hayo ni maji. Asali ni nzito kuliko maji, na ndoo hiyo ikijaa asali iliyokomaa hukaribia kilo 28, muulize mgongo wangu. Akanitazama kwa huruma ile ambayo vijana wenye shahada huiweka akiba kwa ajili yetu. Kwa ndoo kumi tu zimekwisha kuyeyuka kilo 80, bila nyegere wala mwizi kuhusika. Upande wa pili yupo jirani yangu, ambaye huuza asali pamoja na masega, majana na nyuki wachache waliozama kishujaa, na yote hayo huandikwa kuwa asali safi. Labda makosa yetu hufidiana huko makao makuu, ila sipendi kuwa mtu wa kumfidia jirani.

Jirani huyo huyo ana kipaji kingine. Akisikia kwamba wanaohesabu wanahusiana na ushuru, mizinga yake huwa michache na yote imekimbiwa. Akisikia kwamba kuna mradi utakaogawa masanduku ya kisasa na mavazi ya kinga, mizinga huzaliana kabla ya jioni. Wote wawili wanaomwandika ni watu wakweli na hesabu zao zinahifadhiwa.

Ndiyo maana nikisikia redioni, kila ifikapo tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, kwamba nchi yetu ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali kwa mwaka, huwa naitazama redio kwa makini. Ni namba ninayoifahamu kwa miaka mingi. Misitu imekatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, mito imepungua, nami nimepungua, lakini tani 138,000 hazijapungua hata kilo moja. Wapo wanaohitaji hesabu sahihi: nchi za Ulaya hazipokei asali kutoka nchi isiyo na mpango wa kila mwaka wa kupima mabaki ya dawa, na mpango huo hauwezi kupangwa bila kujua asali ni kiasi gani na inatoka wapi. Kwa hiyo nitaendelea kujibu. Ninachoomba ni siku moja aje mtu kuniambia walichokipata. Huja kuuliza, hawaji kueleza. Hata daktari anayekuchoma sindano mwishowe hukwambia una malaria.

Swali la mwisho lilihusu asali iliyotumika nyumbani. Nilitaja ya kikohozi, ya uji na ya wakwe, nikaipita ile ya wanzuki, pombe yetu ya asali, haraka haraka. Ndipo mke wangu alipotoka jikoni na daftari lake la kurasa 64. Humo mna kila ndoo iliyoingia, uzito wake kwenye mizani ya duka, aliyenunua, bei, deni, na ukurasa mzima wa wanzuki wenye jina langu juu. Kijana alifurahi hata akasahau mdomo wake. Akafuta makadirio yangu yote, akaandika upya, kisha akarudi juu kabisa kwenye jina la mkuu wa kaya, akasita.

"Sasa mama," akauliza kwa adabu, "kwenye shughuli hii, mzee tumwandike anafanya kazi gani?"

Mke wangu akamwomba amsomee machaguo yaliyopo. Akasoma: mrinaji, mchakataji, mfanyabiashara, kibarua. Mke wangu akanitazama kwa muda, halafu akasema, "Mwanangu, hebu mpeleke alikokwenda nyegere."