Toa CD. CD Gani?

Jamani, kuna dharau ambazo mtu mzima hawezi kuzinyamazia. Adapta ya waifai, ukubwa wa kucha ya dole gumba, boksi lake limeandikwa kwamba inakubali Linux. Unaichomeka kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha Linux, taa inawaka kwa madaha, unaandika `ip link` uone njia za mtandao, unapewa `lo` (kompyuta kujisemesha yenyewe) na `eth0` (ya waya). Basi. Hiyo taa inamwakia nani?

Tulia, mwenye busara hagombani na kidude. Unaandika `lsusb`, orodha ya vilivyochomekwa USB, unasoma namba: 0bda:1a2b. Hiyo 0bda ni Realtek, haina ubaya. Balaa ni 1a2b. Kidude kinajitambulisha mbele ya kerneli, yaani kiini cha Linux, bila haya, kwamba chenyewe si waifai. Chenyewe ni CD.

CD! Kwenye kompyuta ambayo tangu itoke kiwandani haijawahi kuwa na tundu la CD. Ukipiga `lsblk` unaikuta kweli imeketi pale, `sr0`, imetulia. Waliokitengeneza walikijazia draiva za Windows, yaani programu za kukiendesha, humo ndani. Kwenye Windows unasakinisha draiva kutoka kwenye hiyo CD ya uongo, kisha draiva inakiamuru: haya, mchezo basi, kuwa waifai. Linux haina kazi na faili za .exe, kwa hiyo amri haiji, na kidude kinakaa kama bwana harusi anayesubiri kuitwa ukumbini.

Basi wewe, na heshima zako zote, unaandika `sudo eject /dev/sr0`. Toa CD. CD gani? Usiulize, toa! Ikigoma, kuna `sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`, ambayo ni kufukuza kulekule ila kwa kumtaja mhusika kwa namba zake. Subiri kidogo, rudia `lsusb`: namba imegeuka, tuseme 0bda:c820, sasa kinakiri kuwa ni adapta. Zima, washa. Kimerudi kuwa CD! Ndiyo maana amri hiyo ya pili huwekwa kwenye kanuni ya udev, msimamizi wa vifaa vinavyochomekwa, ndani ya `/etc/udev/rules.d/`, ijipige yenyewe kila 1a2b inapojitokeza.

Ila huenda usb_modeswitch yenyewe huna. `sudo apt install usb-modeswitch`, itoke wapi? Mtandaoni. Na mtandao uupate kwa nini? Kwa hicho hicho kidude. Tafuta waya wa ethaneti, au chomeka simu kwa USB uwashe kugawa intaneti. Ikitokea `usb0` kwenye `ip link`, umepona.

Draiva nayo. Ya chipu ya RTL8821CU, ndiyo hiyo c820, imo ndani ya kerneli kuanzia toleo la 6.2. Kwenye kerneli ya zamani unajenga mwenyewe kwa DKMS, kifaa cha kujengea draiva, na heda za kerneli (faili ambazo ujenzi huzihitaji) zisipolingana na toleo linalotajwa na `uname -r` ujenzi unakatika hata haujaanza. Halafu siku umefanya `apt upgrade` kwa nia njema kabisa, kerneli mpya imeingia bila heda zake, waifai kwaheri. Na kama kompyuta umeifunga juu darini, tafuta ngazi.

Mengine ni ya kawaida. `rfkill list` inasema waifai imezuiwa, kumbe hujachagua nchi uliyopo kwenye mipangilio. Mtandao wako uko 5 GHz, adapta inasikia 2.4 tu. Muunganisho unalala kila ukiuacha kidogo: `sudo iw dev wlan0 set power_save off`. Kasi ya konokono, kwa sababu umebana adapta kando ya diski ya USB 3, ambayo kelele zake huangukia palepale kwenye 2.4, tumia waya wa kurefusha. Adapta inakufa ikianza kutuma, `dmesg`, ujumbe wa kerneli, inalalamika juu ya volti ndogo: hiyo ni chaja ya simu uliyoazima, usiisingizie draiva.

Na sijui nani aliamua jina la adapta liwe `wlx` pamoja na tarakimu zote 12 za MAC, anwani yake ya kiwandani. Skripti zote zimeandikwa wlan0! Nani atakariri hayo? Hata karatasi ya maelekezo haisaidii, picha zote ni za Windows XP. Halafu chini ya karatasi, ndani ya boksi, wametia na CD nyingine. Hii ya kweli, ile ndogo ya sentimita 8. Ya kuingiza wapi, jamani?