Nesi wa shule asiishie kutoa ED na panadol

Waliosoma bweni watanielewa, nesi wa shule tulikuwa tunamjua kwa vitu viwili, panadol na ED, yaani kile kikaratasi cha kuruhusiwa kupumzika. Umeamka hujisikii mchakamchaka, unajikunja tumbo kidogo, unapewa kikaratasi, unarudi kulala. Sasa nina mpwa wangu yuko fom tuu hapa Dodoma na mambo ni yaleyale, tena afadhali sisi mchakamchaka ulikuwepo, wao kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba tu, saa yake ikifika anaingia mwalimu wa hesabu na rimidio yake, yale masomo ya ziada.

Mi nasema hivi, wa kuwapeleka hawa watoto uwanjani awe nesi. Mwalimu wa michezo anatafuta watu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, yaani yule anayejua mpira tayari, akishapata timu yake basi. Yule binti bonge aliyekaa kwenye kivuli cha mwarobaini, sweta kaifunga kiunoni na jua lote lile, hana habari naye. Nesi ndo anajua sweta ile ni kwa sababu yuko kwenye siku zake na pedi hana, au kwamba wavulana walimcheka siku aliporuka kamba. Mambo hayo nani atamweleza mwalimu mwenye filimbi mdomoni?

Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na utafiti wao uliotoka 2019 ulionyesha vijana zaidi ya 8 kati ya 10 duniani hawafikishi, wasichana ndo wako nyuma zaidi. Utasikia mtu anasema hizo habari za wazungu, watoto wetu wanatembea. Wa vijijini huko Bahi na Chamwino sawa, anayekata mbuga kwenda shule na jioni anachota maji huyo muacheni apumzike jamani. Ila huyu wa mjini anashushwa na bodaboda getini, anakaa kwenye dawati mpaka jioni, akitoka ni chipsi na soda, usiku simu. Presha haisubiri ufike miaka 50 ndo ianze kujitengeneza.

Kuna nesi mmoja alinifurahisha sana. Aliwapanga fom wani chini ya mti, akawaonyesha kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo nusu dakika, zidisha mara mbili, haya rukeni kamba, hesabuni tena. Makelele! We ngapi, mi 140, muongo wewe. Akawaambia mkizoea mazoezi moyo unapata nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo mkitulia utakuwa unapiga taratibu. Baada ya hapo watoto wakawa wanamfuata wenyewe wajue wamefika ngapi. Hakutumia hata mia.

ED zisifutwe lakini. Mtoto anayehema kuliko wenzie, anayebanwa kifua au kuzimia akikimbia, huyo msimkimbize na fimbo, apelekwe akapimwe moyo, na hospitali ya Benjamin Mkapa huduma hizo zipo hapahapa. Halafu hii ya kumpa panadol kila anayeumwa koo mi inaniudhi, maana koo la bakteria lisipotibiwa vizuri linaweza kuleta homa ya rumatiki ikaharibu valvu za moyo, wakati antibayotiki sahihi ikianza mapema na dozi ikamalizwa inazuia.

Najua shule nyingi za kata nesi hayupo kabisa. Basi wa zahanati ya jirani aje hata mara moja kwa wiki, na michango ya mahafali ipunguzwe kidogo kinunuliwe kipimo cha presha. Hatudai kila mtoto awe Simbu wa Singida aliyechukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025. Wakimbie tu saa 12 asubuhi kabla vumbi halijaamka, maana saa 8 mchana hapa Dodoma hata mimi ED nitaiomba.